Tunaazima Viti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha kazi! Miaka kumi na moja nimekuwa karani wa stoo, nikihesabu misumari ya watu wengine. Imetosha. Barua nimeiweka mezani kwa bosi saa tatu asubuhi. Ameisoma, ameikunja, kisha akaniuliza kama nimerudisha funguo. Basi. Ndiyo kuagwa kwenyewe. Atanikumbuka.

Biashara yangu ni ya viti. Wazo lilinijia jana baada ya chakula cha mchana. Nilitupa jicho sebuleni nikaona viti sita vya mbao, imara, vya kupendeza, vimekaa. Vimekaa tu! Kazi ya kiti ni kukaliwa, si kukaa. Nilishindwa hata kumaliza chai.

Viti vyenyewe, kusema kweli, ni vya mke wangu. Baba yake, marehemu sasa, alikuwa seremala. Alivitengeneza mwaka mzima kwa ajili ya harusi yetu. Kila mgongo wa kiti una ndege aliyechongwa: njiwa, mwewe, bundi, kanga, korongo. Cha sita kina kuku. Mke wangu alipokuwa mdogo alibishana na baba yake wiki nzima kwamba kuku naye ni ndege. Mzee akaja kumkubalia siku ya harusi.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea hapa hapa nyumbani. Nimemweleza mpango wakati ana pini mdomoni, ili asinikatize. Ametoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Amesema mama yake anakuja Jumapili ya tarehe 16, na siku hiyo anataka kuona viti vyote sita sebuleni. Ameongeza kwamba kikipotea kimoja, na yeye nimhesabu amepotea. Kisha akarudisha pini mdomoni.

Nimelichukulia hilo kuwa amekubali.

Jumanne, 4 Machi

Leo bango. Kumbe mchora mabango anatoza kwa herufi! Hakuna aliyenitahadharisha. TUNAKODISHA VITI, herufi kumi na tano. Nimesimama pale nimeshika kiuno, nikafikiri. Ghafla: TUNAAZIMA VITI. Herufi kumi na tatu. Mbili nimeziokoa kabla hata biashara haijafunguliwa! Wengine wanakwenda chuo kusomea mambo haya.

Mchora mabango alibaki na brashi hewani. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nina hakika, maana kuazima bwana... Nimemkata kauli. Nimemwambia kazi yake ni rangi, Kiswahili aniachie mimi.

Kwa kuwa nimeokoa, nimeongeza mstari wa pili: MWENYEKITI MTENDAJI YUPO. Mkurugenzi kila mtu siku hizi anajiita. Lakini mwenye viti ataitwaje kama si mwenyekiti? Mke wangu amehesabu kwa kidole. Herufi kumi na nane za cheo, nne za kusema nipo. Amesema tungeokoa zaidi kama nisingekuwepo. Hana jicho la biashara, maskini.

Bango lilipotundikwa akapita Bwana Plastiki. Huyu ana viti mia tatu vya plastiki, ana lori, ana stoo ng'ambo ya barabara, na anajiona. Amelisoma bango. Amelisoma tena. Amecheka mpaka lori likamzimikia katikati ya njia. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja wa kwanza! Mama mmoja mstaarabu, wa makamo, ana mgeni nyumbani na amepungukiwa kiti kimoja. Nimempa cha kuku. Kuku si ndege wa hadhi, nikaona ni busara kuanza naye. Mama amekibeba kichwani bila kukishika. Alipofika mlangoni nikataja malipo.

Aligeuka, na kiti kikageuka naye. Akaniuliza bango si limesema mnaazima. Nikasema ndiyo. Akasema basi, kuazima tangu lini kukalipiwa? Akanishukuru sana, akasema watu wa namna yangu wamekwisha duniani, akaniombea heri mimi na wazazi wangu, akaondoka zake. Jina sikumuuliza. Mwenyekiti hawezi kumkimbilia mteja barabarani.

Tuite matangazo.

Pale kilipokuwa kiti cha kuku nimeweka ndoo, nikaifunika kitambaa cha meza. Ukitazama haraka huoni tofauti. Mke wangu hutazama haraka akiwa na kazi, na wiki hii ana sare za kwaya.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ajabu. Nikiwa mlangoni nasubiri wateja, jirani wa nyuma amekuja na kiti. Hakuja kuchukua. Amekuja kuleta! Kiti kina miguu mitatu na tofali. Amekiweka chini, akanishika bega, akasema mambo haya humpata kila mtu na nisione haya. Kabla sijamwelewa akaingia muuza mkaa na kigoda. Halafu fundi viatu na kiti cha plastiki, mkono umefungwa kwa waya. Kufikia saa kumi nimepokea viti vitano, na kilo moja ya sukari.

Wameona bango. Wamedhani ni sisi tunaotafuta vya kuazima!

Nilitaka kuwasahihisha. Lakini nikatulia nikahesabu. Vitano kwa siku moja, bila mtaji. Bwana Plastiki ilimchukua miaka.

Mke wangu amerudi kutoka kununua uzi, uso umemvimba. Dukani wanawake walinyamaza alipoingia. Mmoja akamnong'oneza kwamba ana mkeka wa ziada, akitaka. Mwingine akamuuliza tangu lini nyumba ya binti wa seremala ikakosa hata pa kuketi. Amenitaka nilishushe bango leo leo. Nimemwambia rangi haijakauka vizuri. Amekaa kwenye kiti chenye tofali kushona, kwa kunikomoa, na kila akikanyaga cherehani anayumba.

Nimechemsha chai. Angalau sukari ipo.

Jumatatu, 10 Machi

Nilijua! Leo amekuja mwenyekiti wa kamati ya wazazi, wa shule iliyo nyuma ya soko. Tumesalimiana, mwenyekiti kwa mwenyekiti. Anataka viti thelathini kwa mkutano wa keshokutwa. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Hajauliza bei. Watu wakubwa hawaulizi bei.

Viti nilivyo navyo: ndege watano, na vile vya huruma vitano. Pungufu ishirini. Si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Nimekosa usingizi kwa sababu ya mgongo tu, kwa kukaa kwenye kigoda cha muuza mkaa siku nzima.

Jumanne, 11 Machi

Nimejikaza nikavuka barabara. Bwana Plastiki amenipokea akiwa anakula, hakunikaribisha. Nimemweleza nahitaji viti ishirini kwa siku moja, biashara kwa biashara. Amesema viti vipo, ila dhamana. Nimeuliza dhamana gani. Amepangusa vidole, akasema anasikia nina viti fulani vya mbao.

Alikuja kuvitazama mwenyewe. Amempapasa korongo kuanzia mdomo hadi mguu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka. Akauliza fundi ni nani. Nikasema marehemu mkwe wangu. Akauliza mbona watano wana viti na wa sita ana ndoo. Macho ya mtu huyu!

Basi, nimemwachia ndege watano mpaka nirudishe vyake. Lakini nikimwachia vitano, mimi napungukiwa vitano zaidi. Kwa hiyo nimechukua vyake ishirini na tano. Hesabu imekaa sawasawa. Stoo haikuniacha bure.

Mke wangu alikuwa amekwenda kumpima bibi harusi. Aliporudi akakuta sebule nyeupe kwa viti vya plastiki. Aliuliza viti viko wapi. Nimemjibu: kazini. Akauliza kazini wapi. Nikamwambia kazini ni kazini. Akauliza na kuku yuko kazini pia? Nikasema hasa kuku. Akasema Jumapili ni Jumapili.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano umefana. Viti thelathini vimepangwa mistari mitatu, vya huruma nyuma. Kile chenye tofali alikikalia mweka hazina na kikafika chini naye akiwa katikati ya kusoma taarifa. Hasara ndogo. Watu walicheka, yeye akaendelea kusoma akiwa sakafuni, akionekana mtu mwadilifu zaidi.

Halafu mwenyekiti wa wazazi akasimama kutoa shukrani. Akasema katika dunia hii ya kila mtu na lake, kuna ndugu yetu ambaye ameandika mlangoni kwake, kwa rangi, kwamba anaazima viti. Hakodishi kama wengine. Anaazima! Wakapiga makofi. Vigelegele. Mama mmoja alifuta machozi. Nilikuwa nimeinuka niseme neno kuhusu malipo, na makofi yakazidi. Nikainama kidogo. Ningefanyaje?

Mwenyekiti akaona nimeinama, akaongeza kwamba pengine ndugu yetu ataguswa amwachie mlinzi wa shule kiti kimoja, maana mzee wa watu hukalia kopo. Makofi tena! Nikainama tena. Makofi ni kitu kibaya, shingo inajiendea yenyewe.

Nimelipwa kikombe cha chai. Bila sukari.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudisha viti ishirini na vinne. Bwana Plastiki amehesabu, kisha akahesabu tena kwa raha zake. Amesema kiti kimoja kikikosekana, ndege hawatoki. Nimemwambia Jumapili anakuja mama mkwe. Amesema nimsalimie. Nimemwambia mke wangu ataniacha. Sikukusudia kulisema hilo, limetoka tu. Akasema basi nilete kiti.

Na ndege wangu hawajakaa bure huko! Amewatangaza. Kipo kibao kipya mlangoni kwake: TUNAKODISHA VITI VYA WAGENI RASMI. Keshokutwa wanakwenda kwenye sherehe ya kumuaga mkunga mmoja anayestaafu, meza kuu. Angalia jinsi alivyoandika TUNAKODISHA, herufi kumi na moja zote, bila kubana hata moja. Ubadhirifu.

Ijumaa, 14 Machi

Mpango: kumwendea mlinzi wa shule, kuchukua kiti, kumpa kopo jipya lililo imara zaidi. Nimenunua kopo. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti getini, miguu ameinyoosha, anaonekana kama waziri. Nimemweleza kwamba palitokea kutoelewana. Amesema yeye alikuwa mlangoni mwa mkutano, akasikia kila neno na hakuna kilichomchanganya. Amekigeuza kiti kunionyesha. Ameandika jina lake chini kwa moto.

Nimerudi na kopo. Sasa tuna ndoo na kopo.

Jumapili ni keshokutwa. Nimejaribu kumwambia mke wangu ukweli. Nilianza vizuri, nikasema unajua mke wangu, biashara ina gharama zake. Akasema anajua, anazikalia.

Jumapili, 16 Machi

Naandika hili kwa shida.

Saa nne asubuhi nimesikia honi. Lori la Bwana Plastiki limesimama mlangoni. Mbele, karibu na dereva, mama mkwe! Ameshuka bila kusaidiwa. Bwana Plastiki ameshuka nyuma yake, kichwa chini, akaanza kuingiza viti kimoja kimoja, njiwa, mwewe, bundi, huku akimwita mama, mama, niweke hapa mama?

Kumbe mkunga aliyeagwa jana ni rafiki yake tangu usichana. Mama mkwe alikuja siku moja mapema kwa ajili hiyo, akalala kwake. Kwenye sherehe wakamweka meza kuu. Alipoegemea akahisi kitu mgongoni. Akapitisha mkono nyuma bila kugeuka, akagusa mdomo wa korongo, na akajua. Mwaka mzima alifagia maranda ya viti vile. Akasimama katikati ya hotuba, akakipindua kiti mbele ya wageni wote, akawaonyesha alama ya mumewe. Bwana Plastiki alitaka kueleza habari ya dhamana. Mama mkwe akamwambia dhamana atampa yeye, na ataijutia. Viti vimerudi bure, na kwa lori lake mwenyewe.

Nikajua nimeokoka! Nimemkaribisha mama kwa mikono miwili. Mke wangu alisogea kwenye viti. Alihesabu kwa macho. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Kisha akaenda kwenye kitambaa cha meza, akakivuta.

Ndoo.

Akauliza kuku yuko wapi. Nikaeleza habari ya yule mama mstaarabu. Akauliza jina lake. Akauliza anakaa wapi. Nikasema ni mtu anayebeba kiti kichwani bila kukishika, hawako wengi. Mama mkwe akatoka nje. Tukamsikia akisoma bango, silabi kwa silabi, kama anafundisha mtoto. Akaingia akaniuliza, baba, samahani, wewe ndiye unayeazima au ndiye unayeazimwa? Nimesema yote mawili.

Mke wangu hakupaza sauti. Amesema baba yake alitumia mwezi mzima kwa yule kuku, mikono ikiwa imeshaanza kutetemeka, kwa sababu alitaka kumuona binti yake anacheka. Ningependelea angepiga kelele. Amekunja sare za kwaya, amefunga cherehani, na Bwana Plastiki akapakia tena kila kitu alichokishusha. Wamekwenda kwa mama.

Nimekaa kwenye ndoo ya kuku. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimemkumbuka, na ni saa tatu tu zimepita. Naandika hivi waziwazi kwa kuwa hakuna wa kusoma.

Jumanne, 18 Machi

Habari za mtaani: Bwana Plastiki amempa mke wangu kazi ya kushona vitambaa vya kuvalisha viti. Vyote mia tatu. Walipatana njiani, ndani ya lori, huku mimi nikiwa hapa naosha kikombe kimoja. Amelipwa sehemu kabla hajaanza. Hana bango hata moja!

Nimepita stoo, kwa bahati tu, kumsalimia bosi. Nafasi yangu ina mtu. Anahesabu polepole.

Jumatano, 19 Machi

Siku kubwa! Nianze mwanzo.

Saa mbili asubuhi hodi. Yule mama mstaarabu! Na kiti cha kuku kichwani! Mgeni wake aliugua, akamsindikiza kwao, ndiyo maana amechelewa. Ameomba radhi mara nne. Amekipaka mafuta, kinang'aa. Amesema kitu cha kuazima hurudi, si ndivyo? Alipoondoka nimemkumbatia kuku nikalia, mtu mzima, sebuleni.

Nikavaa shati safi nimpeleke kwa mke wangu palepale. Nilishafika barabarani. Hapo ndipo nilipojiuliza: nitafika mikono mitupu? Kiti ni cha kwake tayari, si zawadi. Mume anayemrudia mkewe anatakiwa aje na mpango wa mbele. Na usiku kucha nilikuwa nimekitazama kitanda. Cha watu wawili, nalalia nusu. Nusu nzima haifanyi kazi! Na mchana, kitanda chote kimelala!

Nimekwenda moja kwa moja kwa mchora mabango.

Sasa, mimi si mtu wa kurudia kosa. Neno kuazima limenitesa, nimelitupa. Neno ni kukodisha, hata Bwana Plastiki analitumia. Lakini herufi kumi na moja! Nimeshika kiuno. Nikafikiri. Nikaukata mkia: TUNAKODI VITANDA. Nane tu za mwanzo! Chini hata ya tunaazima! Mchora mabango alibaki na brashi hewani, akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga, akachora. Nimemsifu. Anajifunza.

Malipo sikuwa nayo, akataka dhamana. Tulitazamana, kisha tukamtazama kuku. Ni siku mbili tu. Tatu, zikizidi sana. Ameahidi hatakikalia ila akiwa anachora sehemu za chini.

Bango limetundikwa saa saba. Saa nane mteja tayari! Mwanamume na mkokoteni, juu yake kitanda cha chuma na godoro, jasho linamtoka. Amelisoma bango kwa makini, akaniuliza tunalipa kiasi gani kwa siku. Swali la ajabu kidogo. Nimemwambia asubiri, Mwenyekiti anaandika. Nyuma yake naona mkokoteni mwingine unakata kona.

Nimemtumia mke wangu ujumbe: Kuku amepatikana! Hajanijibu tangu Jumapili, lakini hili amelijibu papo hapo. Ameuliza yuko wapi.

Nimemjibu: kazini.